Maswali Mepesi ya Nyumbani

Atakayesoma haya anisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la nane, na hata huko shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijamaliza mstari wa pili. Herufi zangu zimelala upande mmoja, na kuna maneno ambayo sina hakika nayo mpaka leo. Aliyeniomba niandike alisema nisiogope, niandike polepole kama ninavyosema, na makosa atayasahihisha yeye. Kwa hiyo yakibaki, tugawane lawama.

Naandika habari ya Bibi yangu, mama yake mama. Mama anaishi Vanga na mumewe na wadogo zangu. Mimi nilipewa Bibi kabla sijaanza shule, babu alipofariki, ili Bibi awe na mtu wa kumtuma dukani na wa kulala naye nyumba moja. Nyumba yetu iko Msambweni, ndani kidogo, penye mikorosho. Ina vyumba viwili, na jiko la makuti liko nje, mbali kidogo na nyumba.

Mimi ni mtu wa haya. Maneno hunitoka moja moja, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Wengi hunimalizia sentensi kwa kunihurumia, nami huwaachia wamalize wapendavyo. Bibi hafanyi hivyo. Yeye huendelea kuchambua mchele wake, na nikikawia sana husema, "Bado nipo." Ndipo nami humalizia.

Mwaka uliopita Bibi alianza kusahau. Alitia chumvi kwenye mchuzi, kisha akatia tena. Alikwenda kisimani akarudi na leso yake ameikunja vizuri kichwani kama kata ya kubebea mzigo, lakini ndoo kaiacha huko. Siku hiyo tulicheka, yeye akicheka kunishinda. Akasema ndoo imechoka kubebwa, imeamua kupumzika.

Kisha ikaja siku ya mbaazi. Aliziinjika motoni, akaenda kwa jirani kumsaidia kushona makuti, wakazungumza. Mimi nilikuwa dukani. Niliporudi nilisikia harufu ya nazi iliyoungua, na moto ulikuwa umeshika ncha ya paa la jiko. Majirani walikuja na maji. Paliungua sehemu ndogo tu, ukubwa wa sinia. Bibi alisimama uani, mkono shavuni, akatazama chungu kilivyopasuka.

"Nani aliyeinjika?" akauliza.

Jirani alimshika bega akamwambia aje akae.

Habari zilifika Mackinnon Road siku hiyo hiyo. Huko ndiko anakoishi mjomba wangu, kaka yake mama, kifungua mimba wa Bibi. Ana kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu, na magari makubwa yote ya mizigo yanamjua. Alilelewa huko huko tangu akiwa mdogo, na baba yake mdogo, kwa sababu ya shule. Ni mtu mwema. Nasema hivi mapema ili asije akaonekana vingine.

Alikuja, akatazama paa, akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Tulikaa mkekani.

"Mama, twende ukakae kwangu," akasema.

"Kwako kuna nini, Baba?"

"Kuna umeme. Kuna mkaza mwana wako, kuna wajukuu. Kuna jiko la gesi."

"Na upepo."

"Upepo upo."

"Na vumbi."

"Mama."

"Kule nikipiga chafya hakuna atakayejua kuwa ni mimi," Bibi akasema. "Hapa jirani ananiombea dua kutoka uani kwake."

Ni kweli. Jirani yetu huitikia chafya ya Bibi hata akiwa anafua.

Mjomba alicheka kidogo, lakini hakuacha. Alikuwa amesikia kwamba Msambweni wamekuja watu wa utafiti, wanaopima kumbukumbu za wazee, na hawatozi kitu. Akasema tutampeleka Bibi huko. "Akili ikiwa ipo, utakaa hapa. Ikiwa imekwenda, utanifuata, na hutaniletea tena hadithi ya chafya."

"Ikiwa imekwenda," Bibi akasema, "nitaikumbukaje hiyo hadithi?"

Tuliafikiana hivyo. Usiku ule mimi sikupata usingizi. Bibi akienda, mimi ningerudi Vanga, kwenye nyumba ambako bado nakaribishwa kiti kama mgeni. Hilo ningelivumilia. Kilichoniogopesha ni mikono ya Bibi. Hapa nyumbani, kichwa kikisahau, mikono yake inakumbuka. Inajua kibiriti kiko wapi, na ufunguo, na msahafu wake. Kwenye nyumba ya watu wengine mikono nayo ingepotea, na hapo Bibi angebaki na nini?

Watu wa utafiti walikuwa wamekodi chumba nyuma ya duka moja la dawa. Aliyetupokea alikuwa dada wa bara, kijana, amevaa viatu vya raba vyeupe ambavyo udongo wetu mwekundu ulikuwa umeshaviharibu. Aliinama kidogo akasema, "Shikamoo, Shosho."

"Marahaba, mwanangu. Shosho ndiye nani?"

"Ni bibi, kwetu tunasema hivyo."

"Basi niite Bibi, nisije nikamwitikia mwenyewe."

Yule dada alicheka, nami nikaona ni mtu wa kucheka kweli. Alituambia kwamba maswali yake yametoka mbali, yakatafsiriwa, na sasa wanayajaribu pwani waone yapi yanatufaa na yapi hayatufai. Mengine yalitengenezwa kwa watu waliosoma shule. Mtu ambaye hakusoma huonekana mgonjwa, kumbe hajawahi tu kushika kalamu. Akasema hayo ya kuandika na kuchora atayaruka. "Badala yake nimeweka maswali mepesi ya nyumbani. Ya familia. Hayo kila mtu anayajua."

Alisema kwa upole. Mjomba alishusha pumzi, akamwambia ahsante.

Mimi nilikaa kwenye kona. Mjomba alikaa mkekani karibu na Bibi, na dada akakaa kwenye kiti mbele yao na karatasi zake. Alimtajia Bibi maneno matatu, embe, kiti na mvua, akamwomba ayaweke kichwani mpaka atakapoulizwa. Bibi akayarudia yote vizuri.

"Sasa tuko mwezi gani, Bibi?"

"Mfungo saba."

Dada akaangalia simu yake, akaangalia karatasi. Mjomba akamsaidia. "Wazee huku huhesabu hivyo, dada. Ni tangu Ramadhani. Mfungo sita ndio uliokwisha juzi, mwezi wa Maulidi. Amepata."

"Amepata," dada akasema, akaandika, akaonekana amefurahi kujifunza. Akauliza mengine. Bibi alijua alipo, alijua siku, alijua nani alimleta. Mjomba alianza kukaa kwa raha, akaegemea ukuta.

"Yale maneno matatu, Bibi?"

"Embe."

"Na mengine?"

Bibi alifikiri. Nilimwona akiyatafuta kweli, kama anavyotafuta sindano mkekani. "Mengine nimeyaacha nje," akasema. Mjomba hakuegemea tena.

"Haya, si neno. Sasa twende kwa yale mepesi," dada akasema. "Una watoto wangapi?"

"Wanne wapo, wawili wametangulia."

"Poleni. Niambie majina ya walio hai, kuanzia mkubwa."

Bibi akaanza na wa pili. Akataja jina lake na anakoishi, Majoreni, na samaki anaowauza. Akamtaja mama yangu. Akamtaja wa mwisho, yule anayefanya kazi hotelini Diani na huja kwetu mara moja kwa mwaka, tena kwa haraka.

"Na wa kwanza?"

"Huyu hapa."

"Anaitwa nani?"

"Baba."

"Baba nani, Bibi?"

"Namwita Baba."

"Jina lake la kitambulisho."

"Si umemwona mwenyewe? Ndiye huyo," Bibi akasema taratibu, kama anavyomweleza mtoto jambo asilopaswa kuuliza.

Dada akasubiri, kisha akaandika. "Na marehemu mzee wako aliitwa nani?"

"Baba yao."

"Na baba yake mzee, baba mkwe wako?"

Bibi akatazama mkeka, akavuta ncha ya leso begani. "Mzee mkubwa," akasema.

Dada aliuliza tena kwa njia nyingine, na nyingine. Bibi alinyamaza kwa adabu, akitazama mkeka. Mjomba alivua kofia akaiweka gotini. Wakati wa mfungo saba alikuwa amemsemea Bibi, lakini safari hii aliinuka akatoka.

Dada akaniambia nimfuate Mjomba, ataniita baadaye, ana maswali ya mtu anayeishi na Bibi. Nilimkuta Mjomba kwenye benchi chini ya dirisha la duka la dawa. Alikuwa akifuta kofia yake, nayo haikuwa na uchafu.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Amemkumbuka huyo wa Diani. Huyo asiyepiga hata simu." Akaigeuza kofia. "Jina langu ndilo limekwenda. Na la baba yangu. Na la babu, ambaye ndiye niliyepewa jina lake. Tumetoka sote pamoja."

Nilifungua mdomo.

"Usinipe pole," akasema. "Nitamchukua kesho. Nimchukue kabla hajasahau na sura."

Sentensi niliyoitaka ilikuwa tayari kifuani, lakini mbele yake yalikuwapo machozi ya mtu mzima, na mimi sijui kupita mbele ya machozi ya mtu mzima. Mlango ukafunguliwa, dada akaniita ndani.

Bibi alikuwa amepelekwa chumba cha pili kunywa chai. Dada akaniuliza kama Bibi hupotea njia, kama huacha moto, kama husema jambo moja mara mbili. Nilijibu kweli: njia hapotei, moto aliacha, na jambo moja husema mara mbili.

"Husahau majina ya watu wake wa karibu?"

"Ndiyo. Hapana."

"Ni ndiyo ama ni hapana?"

Nilitazama viatu vyake vyeupe. Yeye akaiweka kalamu mezani, akaegemeza kidevu kwenye kiganja. Hakunimalizia. Nje nilisikia mtu akinunua dawa ya kikohozi na kubishana bei, akalipa, akaondoka, na yule dada bado alikuwa ananingoja.

"Hajalisahau," nikasema. "Halitaji."

Kisha nikamweleza, na nafikiri sijawahi kusema kwa urefu namna ile.

Jina la Mjomba ni jina la babu yake, yaani baba mkwe wa Bibi. Mke wa mwana hataji jina la baba mkwe wake. Hivyo ndivyo Bibi alivyofunzwa na mawifi zake asubuhi ya kwanza aliyoamka nyumba ile akiwa bi harusi. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa akapewa jina hilo, kama ilivyo kawaida, na tangu siku hiyo Bibi anamwita mwanawe Baba. La mumewe halitaji pia, kwa adabu hiyo hiyo.

Na jina lenyewe ni la watu wengi huku kwetu. Nililelewa katika kulizunguka. Mwenye duka analo, kwa hiyo Bibi hunituma kwa "mwenye duka". Yuko mwingine, yeye ni "wa ng'ombe". Hata msomaji mmoja wa habari katika redio analo, na Bibi humwita "yule wa sauti nzito". Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo. Nikamwuliza jikoni, akaniambia kwamba alipoolewa, jiko la nyumba ile lilikuwa likipigwa na upepo na moshi ukimliza, na baba mkwe wake bila kuambiwa na mtu alilihamisha, akachimbia nguzo mwenyewe, akaligeuza liupe upepo mgongo. "Mtu mzima na heshima zake, ananichimbia mimi nguzo," Bibi aliniambia. "Nami nitamlipa nini? Namtunzia jina lake." Makuti yamebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Nguzo mbili ni zile zile.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. "Mjomba wako halijui hili?"

"Alilelewa na wanaume. Haya husemwa jikoni."

Kisha akasema, kama anayejisemea, "Juzi alikuja mama mmoja wa Majoreni. Nilimwuliza jina la mwanawe, akasema 'huyo huyo'. Nikampa sifuri. Na mwingine kabla yake." Akapitisha mkono usoni. "Wazee wa kiume wote waliyataja. Nikawaza, mbona wanawake wa huku kichwa chao kinaharibika kuliko cha wanaume? Na hayo ndiyo maswali niliyoyaweka mimi, nikidhani nawarahisishia."

Nikasema, "Bado nipo," kwa mazoea, kisha nikaona aibu. Lakini yeye alicheka, akafuta macho, akamwita Bibi.

Akamkalisha tena mkekani, na yeye akashuka kwenye kiti akakaa chini. "Bibi, nisamehe. Nilikuuliza jambo la aibu na sikujua."

"Nilijua hujui, mwanangu," Bibi akasema. "Nikasema huyu ni mtoto wa watu, hajafunzwa ya huku. Nikimsema mbele ya mwanangu, ataaibika. Nikanyamaza nikusitiri."

Kumbe alikuwa akimsitiri yeye.

"Basi tufanye hivi," dada akasema. "Mimi nitataja majina. Lisilo lenyewe, unikatalie."

Akataja jina. Bibi akatikisa kichwa. Akataja la pili. "Huyo ni mwenye mbuzi, anakaa kule kwenye mwembe." La tatu. "Huyo alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, Mungu amrehemu." La nne, na Bibi akacheka, akasema huyo alitaka kumwoa yeye, wazee wakakataa kwa kuwa alikuwa mchafu. Kisha dada akalitaja lile la Mjomba.

Bibi hakutikisa kichwa. Alivuta leso ikafunika mdomo, akainamisha macho, akasogeza miguu yake pembeni kidogo, kana kwamba mzee mwenyewe amepita mlangoni na anampisha.

"Umefika," akasema kutoka ndani ya leso.

Dada hakuandika papo hapo. Alikaa tu naye. Baadaye akamwuliza tena yale maneno matatu, na Bibi akasema embe. Kiti na mvua havikurudi, siku hiyo wala siku nyingine.

Sasa ilibaki Mjomba. Dada alisema angependa kumweleza yeye, lakini ni bora asikie kwa mtu wa nyumbani. Nikatoka. Nilisimama mbele ya benchi.

"Bibi hajasahau jina lako," nikasema.

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Ni la baba mkwe wake."

"Najua ni la babu. Kwani mimi nimepewa na nani?"

Nikangoja. Alikuwa mtu wa kuziba matairi. Najua anavyoshika mpira majini kutafuta tundu, anausogeza kidogo kidogo mpaka povu litoke. Ndivyo uso wake ulivyokuwa.

"Kwa hiyo hawezi kulitaja," akasema.

"Hawezi."

"Hajawahi?"

"Hata mara moja."

"Na hilo Baba?"

"Ndivyo unavyoitwa."

Akaivaa kofia, akaivua tena. "Mimi miaka yote nilidhani nabembelezwa," akasema. "Nina mvi, naziba matairi ya malori, nikija hapa naitwa Baba. Nikasema sawa, mwanamke huyu ananipenda, acha anidekeze."

"Anakupenda," nikasema.

"Nyamaza wewe. Leo umesema sana," akaniambia, na akanishika kichwa kwa mkono wake mgumu, akaniacha hivyo kwa muda.

Ndani, dada alituambia kweli yote, bila kuifunika. Kusahau kupo. Si kwenye majina, kama alivyodhani mwanzoni, lakini kupo, kwenye mambo mapya, na huenda kutaongezeka. Bibi asiachwe peke yake na moto. Lakini anajijua, anajua watu wake na mahali pake, na mtu wa namna hii akihamishwa ghafula huweza kuzidiwa. Akamwuliza Bibi mwenyewe anataka kukaa wapi.

Bibi akamtazama Mjomba. "Si tuliafikiana, Baba?"

"Tuliafikiana akili ikiwa ipo."

"Nayo ipo. Mwenye vipimo amesema."

"Amesema nusu."

"Basi nusu ikae hapa, nusu uichukue," Bibi akasema. "Uone itakupikia nini."

Mjomba alicheka mpaka mwenye duka la dawa akachungulia. Hakumchukua. Alibaki kwetu siku kadhaa, akatoa makuti upande wa moto akaweka mabati, na zile nguzo mbili hakuzigusa. Alizizunguka, akazipapasa, akamwuliza Bibi ni zipi hasa, ingawa alikuwa ameshazijua. Aliporudi tena alileta mtungi wa gesi. Bibi hauamini, husema unapumua. Ninapika mimi, yeye hukaa kando akiniambia nipunguze chumvi, kisha akiniambia nipunguze chumvi.

Yule dada ameyabadilisha maswali yake. Kabla hajaondoka Msambweni alinipa daftari, akaniomba niandike jinsi ilivyokuwa, ili wenzake wasome, na watu wengine wa pwani pia. Nikamwuliza jambo moja ambalo lilikuwa likinisumbua. Nitajuaje kwamba Bibi amezidiwa, ikiwa kwetu kunyamaza si kusahau? Yeye akaniuliza mimi naonaje.

Nilimwambia ninavyoona, na bado ndivyo ninavyoona. Siku moja Mjomba ataingia na kofia yake, avue viatu, aseme shikamoo mama, na Bibi atainua uso, atamwita kwa jina lake, waziwazi, mbele ya watu, bila kuvuta leso. Labda watakaokuwapo watafurahi, waseme amekumbuka. Mimi nitajua amekwenda. Mjomba naye anajua, nilimwambia. Sasa kila anapokuja husimama kidogo mlangoni kabla ya kuamkia, nami huacha ninachofanya, na sote wawili tunasikiliza.

"Marahaba, Baba," Bibi husema. "Mbona umesimama? Pita."

Wiki iliyopita alisema hivyo. Leo asubuhi nilimsomea sehemu hii niliyoandika, na nilipokwama kwenye neno alikuwa akichambua mchele, akasema bado yupo.

Wewe unayesoma, ikiwa una bibi au mama ambaye kuna jambo halisemi, na watu wakadhani halijui, niandikie unieleze. Dada amesema barua zipelekwe kwake, zitanifikia. Andika hata kama mwandiko wako ni kama wangu. Nitasoma polepole, na nitakujibu, lakini unisubiri.